Mraba Mtupu: Ramani za Ndege na Nani Aliyepita

Atlasi ya kwanza ya ndege wanaozaliana Uingereza na Ireland ilitoka mwaka 1976. Kila ndege ana ramani yake, na ramani hiyo imejaa nukta za ukubwa wa aina tatu: ndogo pale ndege anapodhaniwa kuzaliana, ya kati pale dalili zinapotia moyo, kubwa pale kiota au makinda yalipothibitishwa. Pasipo na nukta, msomaji anaruhusiwa kusema kwamba ndege huyu hapa hazaliani. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa atlasi ya ndege wa Kenya, kitabu ambacho wapenzi wa ndege wa Nairobi bado wanakitunza rafuni. Nacho kina alama, nacho kina nafasi tupu. Lakini ukitazama nafasi tupu za Wajir au Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi, huna ruhusa ile. Pengine ndege hayupo. Pengine hakupita mtu mwenye darubini.

Waswahili tunasema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kikao cha mirathi methali hiyo ni kali, ila ina haki yake: ungekuja. Kwenye ramani ya ndege inageuka dhuluma, maana asiyekuwapo mara nyingi ni mhesabuji, na anayepoteza chake ni ndege aliyekuwapo siku zote. Ndiyo maana mila za kuhesabu ndege nazipima kwa swali moja: zinafanya nini na pale ambapo hakuna kilichoonekana? Kushangilia ndege adimu kila taifa linajua. Kuandika "sikuona" kwa namna ambayo mtu mwingine atakuamini miaka arobaini baadaye ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo mila hizi zinapoachana njia.

Waingereza walilimaliza tatizo hilo kwa wingi wa watu. Visiwa vyao viligawanywa katika miraba 3,862 ya kilomita 10 kwa 10, mbinu waliyoiazima kwa watu wa mimea waliokuwa wamechapisha atlasi yao mwaka 1962. Kati ya 1968 na 1972 kila mraba ukapata mtu wa kuupitia, hata ule wenye kisiwa cha mawe mbele ya pwani ya Scotland kinachofikiwa siku bahari ikikubali. Waliojitolea walizidi 10,000. Atlasi ya 2007 hadi 2011, iliyotoka 2013, ilikusanya zaidi ya 40,000. Nyuma yao ipo taasisi ya British Trust for Ornithology, iliyoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 juu ya wazo ambalo enzi zile halikuwa la kawaida: kwamba karani au mwalimu wa shule, akipewa fomu nzuri na maelekezo mafupi, anaweza kuleta takwimu ambazo profesa peke yake hazipati maisha yake yote.

Mfano wa mwanzo ulikuwa sensa ya kibisi mwenye kishungi, mwaka 1931. Mmoja wa vijana wawili walioiandaa, Tom Harrisson, alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mwaka 1937 huyohuyo alishiriki kuanzisha Mass-Observation, mradi uliowatumia watu wa kujitolea kuandika mienendo ya Waingereza wenzao, ikiwemo namna wanavyokunywa bia kwenye baa za Bolton. Aliyezoea kukaa kimya kando ya bwawa hakuona tabu kukaa kimya kwenye kona ya baa. Naikumbusha habari hii kwa sababu inaonyesha sensa ya ndege ya Kiingereza ilivyo ndugu wa sensa ya watu: moyo wake ni imani kwamba jambo la kila siku, likiandikwa na wengi kwa utaratibu mmoja, lina thamani kuliko tukio la pekee.

Imani hiyo ilikomaa mwaka 1994, walipoanza sensa ya kila mwaka inayotumia miraba ya kilomita moja. Mraba unachaguliwa kwa kubahatisha; mwenye kujitolea hachagui. Unaweza kuletewa pori zuri lenye mto, na unaweza kuletewa mashamba ya ngano na barabara ya lami. Unaenda mara mbili katika majira ya kuzaliana, alfajiri, unatembea mistari miwili ya kilomita moja moja na kuandika kila unayemwona na kumsikia. Wapo watu waliopewa mraba mkavu wakaurudia miaka ishirini wakiandika kunguru, njiwa, kunguru. Mimi nawaona hao ndio mashujaa wa fani hii. Asingekuwapo wa kumhesabu shomoro wakati shomoro yuko kila paa, hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kwamba anapungua. Mwaka 2002 shomoro wa kawaida, ndege wa uani kwa bibi, aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, na ushahidi ulikuwa ni mkusanyiko wa asubuhi kama hizo zisizo na msisimko.

Wamarekani walianzia kwenye bunduki. Karne ya kumi na tisa ilikuwepo desturi ya Krismasi ambapo vijana walijigawa timu mbili, wakaingia msituni, na jioni timu iliyorudi na mzigo mkubwa wa ndege na wanyama waliouawa ndiyo iliyoshinda. Frank Chapman, mtaalamu wa ndege na mhariri wa jarida la Bird-Lore, alipendekeza sikukuu iendelee na ushindani uendelee, ila risasi zibaki nyumbani. Tarehe 25 Desemba 1900 watu 27 waliitikia wito wake. Leo kuna maduara zaidi ya 2,000, kila moja lenye kipenyo cha kilomita 24 hivi, na kila duara lina siku yake moja kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Januari.

Ukoo wa mchezo ule bado unaonekana. Hesabu ya Krismasi ina timu, ina chakula cha jioni, ina majigambo ya nani kafikisha aina ngapi. Kwa swali langu huo ni udhaifu, maana anayeshindana hukimbilia penye ndege. Waliurekebisha kwa kuandika jitihada: timu ngapi, saa ngapi, maili ngapi. Bata kumi kwa saa mbili si sawa na bata kumi kwa saa ishirini. Mwaka 1966 Chandler Robbins akaongeza sensa ya pili isiyo na sherehe yoyote: mwezi Juni, gari linasimama mara 50 kwenye njia ya kilomita 40 hivi, dakika tatu kila kituo, basi. Sensa hiyo ilikuwa mojawapo ya nguzo za utafiti wa mwaka 2019 uliotangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni tatu tangu 1970. Bilioni tatu ni hesabu ya wasiokuwapo. Haikuweza kufanywa na mtu anayeandika alichokiona tu.

Hata hivyo mila zote mbili zinasimama juu ya kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomu: gari, mafuta, mwisho wa wiki ulio wa mtu mwenyewe, na nchi ambayo mgeni mwenye darubini akikaa kando ya shamba hadhaniwi kuwa mwizi wa ng'ombe. Utaratibu wa Kiingereza ukihamishiwa Kenya kama ulivyo unavunjika siku ya kwanza. Kenya ina kilomita za mraba 580,000 na ushei, aina za ndege 1,100 hivi, na wajuzi wa kuwatambua wote hao ukiwakusanya hawajazi ukumbi wa shule.

Jawabu lilitoka kusini mwa Afrika, na kwangu ndilo lenye akili kuliko yote. Mradi wa kwanza wa atlasi ya huko, uliofanya kazi nyingi kati ya 1987 na 1991 na kuchapishwa 1997, ulijumuisha nchi sita: Afrika Kusini, Lesotho, Eswatini ambayo wakati ule ikiitwa Swaziland, Namibia, Botswana na Zimbabwe. Walijua hawana watu wa kujaza kila mraba kwa mtindo wa Kiingereza, hivyo badala ya kuulizia ndege waliomba orodha. Mradi wa pili ulioanza Julai 2007 ukaipunguza miraba hadi dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo, kipande cha kilomita nane au tisa kila upande, wanachokiita pentadi.

Kazi ya pentadi inakwenda hivi. Unaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu mkononi. Unaandika aina ya kwanza unayoiona au kuisikia, halafu ya pili, halafu ya tatu, kwa mpangilio huohuo walivyojitokeza. Kijiji cha pwani orodha inaweza kufunguliwa na kunguru, ikafuata tetere, shorwe, chozi, mwewe. Tetere wa pili haandikwi. Aina ikishaingia imeingia. Muda wa chini ni saa mbili, na ndani ya saa hizo unatakiwa ufike kila aina ya mahali palipo ndani ya pentadi: shamba, bwawa, kichaka, gulio. Ukitaka kuongeza aina una siku tano, kisha orodha inafungwa.

Mbona hawahesabu vichwa? Kwa sababu hesabu ya vichwa inataka mtaalamu, na orodha inamtaka mtu makini tu. Orodha zikishakuwa nyingi zenyewe zinakuwa hesabu. Tuseme pentadi imepata orodha arobaini na tai fulani yumo katika thelathini: kiwango chake cha kutajwa ni asilimia 75. Miaka ishirini baadaye akiwa katika kumi kati ya arobaini, tumeshapata habari, ingawa bado yupo na nukta yake bado ipo. Mpangilio nao unasema: ndege aliyekuwa wa tatu kuandikwa akigeuka wa thelathini, kuna jambo. Cha muhimu zaidi, zile orodha kumi za mwanzo zisizo na tai zinakuwa kumi za "sikuona", kila moja na tarehe yake, saa zake na jina la aliyeandika. Waingereza walipata kutokuwapo kwa kujaza miraba yote. Watu wa kusini wamekupata kwa kurudia mraba mmoja. Kwa nchi maskini ya wahesabuji hiyo ni tofauti kubwa.

Utaratibu huo umepanda kaskazini. Nigeria ulishika kupitia vilabu vya ndege vya majimbo, vyenye vijana na wanafunzi wengi. Kerala, India, walikwenda njia yao wenyewe kati ya 2015 na 2020: watu zaidi ya 1,000, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, jimbo zima. Kenya uliingia mwaka 2013 kwa jina la Kenya Bird Map, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa, Nature Kenya, A Rocha Kenya iliyoko Watamu na wengineo. Ardhi haikuwa kame: matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo kadhaa kutoka Makumbusho ya Nairobi, yalikuwa yamekwisha kulea kizazi cha Wakenya wanaomjua ndege kwa sauti kabla hajatua. Tanzania, Neil na Liz Baker wamekuwa wakikusanya rekodi za atlasi ya nchi nzima tangu miaka ya 1980, nao wakitumia miraba mikubwa ya nusu digrii.

Ila ramani ya orodha za Kenya ukiitazama unaona pia ramani ya barabara. Nairobi imejaa, Naivasha imejaa, Watamu, Mara, njia ya Mombasa. Anayejitolea anajilipia nauli, na nauli ya kwenda msitu wa Karura, mjini Nairobi, si nauli ya kwenda El Wak, kule Mandera. Na Kenya ina pentadi za kufikiwa zinazokaribia 7,000. Silaumu, naeleza tu kwamba mila ya kujitolea kila mahali hufuata mfuko wa anayejitolea. Kama kuna ndege ambaye serikali zetu zimemfuatilia bila kujali nauli ni kwelea kwelea, kwa sababu yeye anakula mtama na mpunga, na anayefuatilia hubeba sumu.

Thamani ya kuandika kutokuwapo imeonekana hapahapa kwetu pia. Kati ya 1970 na 1977 watafiti waliendesha magari kwenye barabara za Kenya wakihesabu tai, tumbusi na vipanga, na waliandika kilomita walizokwenda, zikiwemo kilomita ambazo hawakuona kitu. Utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada na kuchapishwa 2022 ulizilinganisha hesabu hizo na nyingine za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22, aina 19 zilionekana kwa nadra zaidi kuliko zamani, na upungufu wa kati ulikuwa kama asilimia 70. Ndani ya hifadhi hali haikuwa mbaya kiasi hicho. Laiti wale wa mwanzo wangeandika ndege peke yao bila kilomita, leo tungebaki na wazee wanaosema "zamani walikuwa wengi" na vijana wasioamini.

Wazee hao nao wana mila yao ya kuhesabu, na si sawa kuiita hadithi. Chukua ndege wa asali. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Kenya na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: mrina asali akiongozwa na ndege hupata mzinga kwa wastani wa saa tatu na kidogo, asipoongozwa karibu saa tisa. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno. Wahadzabe wa Tanzania humwita kwa mluzi. Utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi wito wa watu wa kwao kuliko wito wa wageni. Sasa fikiri juu ya swali langu. Mrina anaita, anasubiri, anatembea, anaita tena. Akikosa jibu ameshaandika "sikuona", tena kwa jitihada inayojulikana, mahali anapopajua na saa anayoijua. Ni rekodi bora kuliko yangu mimi ninayepita na simu. Kasoro yake ni kwamba haina pa kuwekwa.

Mila ya mwenyeji huwahi pia kwenye kuwapo. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmaki waliokuwa kambini kwenye misitu ya Udzungwa walitazama ndani ya sufuria ya chakula wakaona miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa ni kwale ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia, asiyekuwa kwenye kitabu chochote. Kwenye atlasi nukta yake ilikuwa bado. Kwenye mchuzi alikuwa amekwisha fika. Mnana wa Kilifi aliingizwa kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1913, na kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Kiota kilipatikana 2013 kwenye bwawa lenye majani la Dakatcha, nyuma ya Malindi, na katika walioshiriki kukipata walikuwemo wanakijiji wa kikundi cha hifadhi cha hukohuko. Hawakuwa wameajiriwa kuhesabu mraba. Walikuwa kwao.

Lakini nisiwasifu wazee kupita kiasi. Mwenyeji humjua ndege anayeliwa, anayekula mazao, anayeongoza penye asali, anayetabiri mvua kama dudumizi, na anayeogopwa kama bundi, ambaye akitua juu ya paa hupigwa mawe kabla hajatambuliwa ni bundi yupi. Vile vidogo vya kahawia vya vichakani, vinavyoumiza kichwa hata wajuzi, vingi vyake vinakusanywa chini ya jina moja. Tena kumbukumbu ya mtu huanza na utoto wake. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akafika Mombasa 1947, na leo mtoto wa Kariakoo au Likoni anamwona kama sehemu ya mji, sawa na daladala au matatu. Kila mtu ana habari za kunguru huyu: kaiba sabuni, kapora kifaranga, kampiga mtu utosini. Lakini ndege wadogo aliowamaliza kwa kula mayai yao hawana msemaji mtaani, kwa sababu aliyezaliwa baada yao hana cha kukosa. Hapo orodha ya saa mbili, kavu kama ilivyo, inamshinda bibi.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua. Anachokosa mrina asali wa Marsabit ni fomu, na anachokosa mhesabuji wa Nairobi ni kukaa. Miradi ya pentadi ingeweza kumlipa mkazi nauli ndogo na muda wa maongezi ili aandike orodha mbili kwa mwezi kwenye pentadi yake mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa majina ya ndege ya lugha yake, na wa mjini wakafanya kazi ya kuyaoanisha. Wapo watakaosema huko si kujitolea tena. Na iwe hivyo. Neno hilo liliwafaa watu wenye pensheni.

Kazi yenyewe ina hesabu iliyo wazi. Mraba mmoja wa Lewis na Pomeroy una upande wa nusu digrii, kilomita 55 hivi, na ndani yake zinaingia pentadi 36 kamili, sita kwa sita. Ili mtu aseme leo kwamba ndege mwenye alama kwenye kitabu cha 1989 ameondoka kwenye mraba ule, lazima kwanza aulizwe pentadi ngapi kati ya hizo 36 zimetembelewa, na kila moja mara ngapi. Mraba wenye Nairobi utamjibu bila shida. Miraba ya Mandera huenda bado inasubiri mtu wa kwanza kuandika kunguru, saa kumi na mbili na nusu.